Nani Anakisoma Kipanya?

Katika chumba cha kompyuta cha shule moja ya sekondari niliwahi kukuta kisanduku cha vipanya vilivyotupwa. Vilikuwa sita, vyote vya tundu la duara la PS/2, vyote vizima. Kila kimoja kilikuwa kimechomekwa kwenye mashine ileile ya Linux, kikaonekana kimeingiwa na wazimu, kikachomolewa. Mshale uliruka hadi kona ya skrini, menyu zikajifungua, madirisha yakafungwa bila mtu kubofya. Mwalimu msimamizi alikuwa ameshaanza kuulaumu umeme wa jengo. Nilizima programu moja tu, gpm, ambayo kazi yake ni kuhudumia kipanya upande wa konsoli ya maandishi, kisha nikarudi kwenye eneo-kazi. Vipanya vyote sita vilifanya kazi.

Fedha ya kununulia vipanya vile ilitoka kwenye ada za wanafunzi. Jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu mashauri tunayopokezana sisi mafundi juu ya tatizo hili yamechanganyika. Mengine ni sahihi, mengine yalikuwa sahihi miaka ishirini iliyopita, na mengine hayajawahi kuwa sahihi hata siku moja. Hapa nimekusanya kauli ninazozisikia mara kwa mara. Kila moja nimeipima kwa swali lilelile: wakati huu nani anakisoma kipanya, na anakisoma kwa lugha gani?

"Mshale ukirukaruka, kipanya kimekufa."

Si kweli. Kipanya kilichokufa hakirushi mshale, hunyamaza. Waya uliokatikakatika huufanya mshale ukwame na kuachia. Lakini mshale unaokimbilia kona huku ukibofya vitu njiani, mara nyingi unatoka kwenye kipanya kizima kinachosomwa vibaya.

Ili kuelewa, tazama kinachopita kwenye waya. Mfumo wa PS/2, ulioletwa na IBM mwaka 1987, hauiambii kompyuta mshale uko wapi. Kipanya hutuma mafungu ya baiti tatu. Baiti ya kwanza hubeba hali ya vitufe pamoja na alama za mwelekeo, ya pili hubeba mwendo wa kulia au kushoto, ya tatu mwendo wa juu au chini. Kati ya fungu na fungu hakuna nukta wala mkato. Anayesoma ndiye anayehesabu: moja, mbili, tatu, kisha anaanza upya. Ikimpita baiti moja tu, hesabu inateleza. Namba iliyokuwa umbali inasomwa kama vitufe, na vitufe vinasomwa kama umbali. Umesogeza mkono kidogo kulia, kompyuta imeelewa umebonyeza kitufe cha kati na kusafiri nusu ya skrini.

Halafu likaja gurudumu. Mwaka 1996 Microsoft ilitoa IntelliMouse, na gurudumu lake lilihitaji baiti ya nne. Ili programu za zamani zisivurugike, kipanya cha namna hiyo huanza kazi kikituma baiti tatu kama wenzake. Hubadilika pale tu kinapobishiwa hodi maalumu: kinaambiwa kiweke kasi ya 200, kisha 100, kisha 80, mfululizo. Kikishaisikia hodi hiyo, kikiulizwa utambulisho wake hujibu 3 badala ya 0, na kuanzia hapo hutuma baiti nne.

Sasa weka wasomaji wawili kwenye waya mmoja. Konsoli imeanza mapema na inahesabu tatu tatu. Eneo-kazi la X11 linawaka baadaye, linabisha hodi ya gurudumu, na kipanya kinaanza kutuma nne nne. Konsoli haijaambiwa lolote. Kila baiti 12 zinazopita, yaani ripoti tatu za kweli, yenyewe inazihesabu kuwa ripoti nne. Draiva nzuri zina kinga kidogo: katika baiti ya kwanza kuna biti moja ambayo siku zote huwa 1, hivyo baiti isiyo na biti hiyo mahali pa kwanza hutupwa. Lakini hata namba ya mwendo inaweza kuwa na biti hiyo kwa bahati tu, na hapo kinga haisaidii.

Kwa hiyo usikihukumu kipanya kwa kutazama mshale. Kichomeke kwenye mashine nyingine kwanza. Kikitulia huko, kosa liko kwa msomaji.

"Konsoli ya maandishi haina haja na kipanya, kwa hiyo haiwezi kuhusika."

Si kweli, na kauli hii ndiyo inayowapotosha wengi, kwa sababu mtu hatafuti mahali anapoamini hakuna kitu. Katika Linux, gpm hukaa nyuma tangu mashine inapowaka na kuifanya konsoli iweze kuchagua maandishi kwa kipanya na kuyabandika kwa kitufe cha kati au cha kulia. FreeBSD ina moused, iliyoingia tangu toleo la 2.2, ikifanya kazi kama hiyo. Anayesimamia seva isiyo na eneo-kazi anaijua thamani ya kunakili njia ndefu ya faili bila kuiandika upya kwa vidole. Programu hizi si takataka. Ila zinakishika kipanya hata pale usipoziona.

"Programu mbili zikikifungua kipanya, kila moja hupata nakala yake."

Hapa jibu linategemea umri wa mfumo wako, na hapa ndipo mashauri mengi ya zamani yalipozaliwa.

Katika Linux za enzi ya 2.4, kipanya cha PS/2 kilifikiwa kupitia /dev/psaux. Keneli iliruhusu programu zaidi ya moja kuifungua faili hiyo, lakini nyuma yake kulikuwa na foleni moja tu ya baiti. Aliyewahi kusoma ndiye aliyeondoka na baiti. Wasomaji wawili walinyang'anyana kama watu wawili wanaochota kwenye ndoo moja: huyu baiti ya kwanza, yule ya pili, huyu ya tatu. Hakuna aliyebaki na fungu zima. Kwa enzi hiyo kauli hii ni uongo mtupu, na ndiyo iliyonikuta kwenye ile shule.

Linux 2.6 ilipotoka Desemba 2003, mambo yalibadilika toka mizizi. Keneli ilichukua jukumu la kusoma vipanya yenyewe, viwe vya PS/2 au vya USB, na kuvikusanya katika /dev/input/mice. Kila programu inayoifungua faili hiyo hupewa foleni yake. Zaidi ya hapo, kila moja inazungumza na kipanya cha kuigiza: gpm ikibisha hodi ya gurudumu, ni yenyewe tu inayoanza kupokea baiti nne, na jirani yake anaendelea na tatu kama hakuna kilichotokea. Kipanya halisi hakiguswi na hodi hizo. Hapo kauli yetu inageuka kuwa kweli kabisa.

Naikazia tofauti hii kwa sababu bado kuna watu wanaoondoa gpm kwenye mashine za leo kwa hofu ya mwaka 2001. Wanajinyima kifaa kizuri bure.

"FreeBSD nayo ni hivyohivyo."

Si kweli. FreeBSD ina tabia nyingine na dalili nyingine. Faili ya kipanya cha PS/2, /dev/psm0, haikubali kufunguliwa mara mbili. Moused ikishaishika, X ikienda kuigonga inajibiwa kwamba kifaa kina shughuli, na eneo-kazi linaweza kuwaka likiwa halina kipanya, au likakataa kuwaka. Huku mshale haurukiruki, unagoma tu. Anayekuja na uzoefu wa Linux ya zamani anatafuta baiti zilizopotea wakati tatizo ni mlango uliofungwa.

Waliobuni mpango wa FreeBSD waliona mbali. Moused husoma kipanya halisi, na kila inachosoma hukipeleka kwa draiva ya konsoli, ambayo hukitoa tena kupitia /dev/sysmouse. Konsoli inapata mshale wake, ukiruhusiwa kwa vidcontrol -m on, na X inapata mwendo uleule kwa lugha moja inayojulikana. Kwa mpango huo wa asili, tiba ni kuielekeza X isome /dev/sysmouse badala ya /dev/psm0. Kuua moused huku X ikiwa imeelekezwa kwenye sysmouse ni kujikatia maji bombani: utapata eneo-kazi lisilo na kipanya, na hutaona kosa lolote la maana kwenye kumbukumbu. Kwa vipanya vya USB, mfumo wenyewe huwasha moused mpya kila kipanya kinapochomekwa, hivyo hata aliyeizima kwenye mpangilio mkuu anaweza kuikuta hai.

NetBSD na OpenBSD zilifuata njia ya karibu na hiyo, zikikusanya vipanya vyote kwenye /dev/wsmouse.

"Dawa pekee ya gpm ni kuiondoa."

Si kweli. Kuizima ni njia nzuri ya kupima: gpm -k, kisha tazama kama mshale umetulia. Lakini hata katika enzi ya foleni moja, waandishi wa gpm walikwisha kutoa suluhisho. Ukiiwasha kwa alama ya -R, gpm inakuwa msomaji pekee wa kipanya, na konsoli inapokuwa katika hali ya picha, inayapitisha mafungu kwenda kwenye /dev/gpmdata. X inasoma hapo na haikigusi kipanya chenyewe. Ni wazo lilelile la FreeBSD, limevaa nguo nyingine: mmoja anachota, wengine wanagawiwa.

Shida ya njia hii iko kwenye lugha. Usipotaja aina baada ya -R, gpm hutafsiri kila kitu kwenda itifaki ya zamani ya MouseSystems, yenye mafungu ya baiti tano. X nayo lazima iambiwe MouseSystems. Ukiiacha X kwenye PS/2, umeleta upya ugonjwa uleule uliokuwa unautibu, na safari hii hakuna wa kunyang'anyana naye. Itifaki hiyo, tena, haina nafasi ya gurudumu. Anayelitaka gurudumu huiweka gpm itoe ms3 na X isome IntelliMouse, au huiweka raw ili baiti zipite kama zilivyo, na X ielezwe itifaki ileile ya kipanya halisi.

Kuna mtego mwingine niliowahi kutumbukia. Mashine nyingi za zamani zilikuwa na kiungo kilichoitwa /dev/mouse, na gpm isipoelekezwa kwingine huangalia hapo. Mtu akikielekeza kiungo hicho kwenye /dev/gpmdata ili kuiridhisha X, gpm inaishia kusoma mlango inaotolea. Kipanya kinakufa pande zote mbili. Kila upande uandikiwe jina halisi la faili yake, bila kupitia kiungo.

"Kwenda konsoli na kurudi huponya kipanya."

Kweli, kwa mifumo ya zamani, na sababu yake inaeleweka. Ukibonyeza Ctrl, Alt na kitufe cha F cha konsoli, keneli huitaarifu X kwamba inaondoka jukwaani. X huachia vifaa. Unaporudi, huvifungua upya na kubisha hodi zote tangu mwanzo, na hesabu ya baiti inaanza sifuri. Ndiyo maana mshale uliochanganyikiwa hutulia baada ya safari hiyo. Lakini safari hiyohiyo inaweza kuuleta ugonjwa kwa aliyekuwa mzima, kama konsoli nayo ilikibishia kipanya hodi yake wakati X haipo. Ukiona kipanya kinaharibika kila urudipo kutoka konsoli, na kinapona kila uwashapo eneo-kazi upya, umeshampata mtuhumiwa.

"Maandishi niliyochagua konsoli nitayabandika kwenye eneo-kazi."

Si kweli. Konsoli hutunza uteuzi wake ndani ya keneli, X hutunza wake kwa programu zake, na hakuna daraja kati yao. Yaandike kwenye faili, uifungue upande wa pili.

"Swichi ya KVM haina hatia, ni waya tu."

Si kweli. Swichi hizo zinazounganisha kibodi na kipanya kimoja kwenye mashine kadhaa zimewaponza mafundi wengi, kwa sababu dalili zake zinafanana kabisa na ugomvi wa konsoli. Ukihama kwenda mashine ya pili na kurudi, baadhi ya swichi za PS/2 hukirudisha kipanya kwenye baiti tatu huku draiva ikiwa bado inangoja nne. Hapo hata uondoe gpm mara mia, mshale utaruka. Linux huacha ushahidi: tazama dmesg, utakuta draiva ya psmouse ikilalamika kwamba kipanya kimepoteza ulinganifu na kwamba imetupa baiti. Ukiikuta kauli hiyo kwenye keneli ya kisasa, wasomaji wa juu waachie, kosa liko chini yao, kati ya kipanya na keneli. Ikiwa psmouse imejengwa kama moduli, iondoe kwa modprobe -r psmouse na uirudishe kwa modprobe psmouse, ianze mazungumzo upya. Kwa tiba ya kudumu, mpangilio wa psmouse.proto=imps, au bare kwa anayekubali kukosa gurudumu, huizuia draiva isijaribu lugha ambazo swichi haizielewi. Kipanya cha USB kinakwepa tatizo hili la mafungu ya PS/2 lote.

"Andika sehemu ya InputDevice kwenye xorg.conf, utapona."

Ilikuwa kweli. Leo kwenye Linux mara nyingi ni kazi bure. Xorg inayotambua vifaa yenyewe huzipuuza sehemu zinazotumia draiva za mouse na kbd, na huandika kwenye kumbukumbu yake kwamba imezizima. Nimeona mtu akihariri faili hiyo asubuhi nzima, akibadilisha itifaki moja hadi nyingine, na Xorg haikusoma hata mstari mmoja aliouandika. Fungua /var/log/Xorg.0.log kabla ya kuhariri chochote. Kama X inaendeshwa na mtumiaji wa kawaida, kumbukumbu iko nyumbani kwake, ndani ya .local/share/xorg. Humo imeandikwa wazi ni faili gani ya kipanya iliyofunguliwa na kwa draiva gani.

"Siku hizi tatizo hili limekwisha."

Karibu kweli. Eneo-kazi la sasa, liwe la X au la Wayland, husoma matukio kupitia libinput kutoka kwenye faili za /dev/input/event, ambako tukio huja na aina yake na thamani yake, hakuna wa kuhesabu baiti. Kwenye mifumo mingi, systemd-logind ndiyo inayokabidhi vifaa kwa eneo-kazi, na unapohamia konsoli nyingine huvichukua tena kutoka mkononi mwake. Hilo liliwezekana baada ya Linux 3.12 ya mwaka 2013 kuipa keneli uwezo wa kubatilisha ruhusa ya faili ya tukio iliyokwisha kufunguliwa.

Kilichobaki ni ushikaji wa peke yako. Programu yoyote yenye ruhusa inaweza kuiomba keneli iipe yenyewe tu matukio ya kifaa fulani, na nyingine zote zikaambulia kimya. Programu za kubadilisha kazi za vitufe hufanya hivyo kwa nia njema. Ikitokea imeganda, utaona kipanya kisichoitika popote, eneo-kazi wala konsoli, ingawa taa yake ya chini inawaka.

Kwa hiyo ukikuta mshale unaruka au umegoma, usiende dukani kwanza. Ingia kama mkuu wa mfumo, andika fuser -v /dev/input/mice /dev/input/event*, na usome majina yatakayotoka. Usishtuke kuiona systemd-logind, hapo ni kwake. Kwenye keneli za zamani weka /dev/psaux badala yake. Kwenye FreeBSD anza na ps ax uitafute moused. Jina usilolitarajia lizime, kisha sogeza mkono. Na kama kuna kisanduku cha vipanya vilivyotupwa pembeni, vijaribu tena kimoja kimoja kabla hujaomba fedha ya vingine.